Hita ya Samaki wa Mama Kavita

Jumanne, 8 Julai 2025

Hita imekufa. Nimefungua nyumba ya Mzee Dharmesh, mwenye lori ninaloendesha, asubuhi kulisha samaki, nikagusa kioo cha tangi — baridi kama pua ya mbwa. Themometa inasema ishirini na tatu. Karatasi ya Mzee inasema isishuke chini ya ishirini na saba.

Mzee yuko Nairobi, Ijumaa anapasuliwa moyo. Hawa samaki watano, bapa kama sahani, ni wa marehemu mkewe, Mama Kavita. Mzee huwaongelesha. Akinipa ufunguo nilimwambia, mimi nimekufikishia lori Lubumbashi na breki nusu, samaki ndio watanishinda? Alicheka.

Nimezungushia tangi blanketi. Mke wangu Eucabeth anasema kwao Homa Bay samaki hulazwa kwa mafuta, hajaona wa kulazwa kwa blanketi. Nimecheka.

Jumatano, 9 Julai

Kwa Gachanja wa vitu vya stima. Nimeuliza hita, akanipa ile koili ya maji ya kuoga. Nikamwambia, boss, ni ya samaki. Akauliza: wa supu ama wa kukauka? Kisha akatoa moja ndefu ya kioo, wati mia tatu. Nikachukua. Dereva haogopi injini kubwa.

Lakini lori geni hupakii mzigo siku ya kwanza. Unalizungusha tupu. Hita nikaitia kwa ndoo ya maji, nikaiseti ishirini na nane, nikavuta kiti. Nusu saa, ishirini na sita. Robo nyingine, ishirini na tisa, na taa bado inawaka. Saa nzima — thelathini na tatu, taa bado.

Nimechomoa. Ningeitia kwa tangi niende zangu chai, ningerudi kupata supu ya Mama Kavita.

Tangi liko ishirini na mbili. Samaki mmoja amegeuka mweusi, amejibanza kona.

Alhamisi, 10 Julai

Shabir anauza samaki wa mapambo huko town. Nimeingia na kifua mbele: nataka kubwa kuliko zote. Akauliza tangi ni lita ngapi. Nikasema kubwa. Akasema, mzee, nenda upime. Nimerudi Section 58, nikapima kwa futi, nikampigia, akafanya hesabu: lita mia moja na hamsini.

Sikuuzii moja kubwa, akasema. Chukua mbili ndogo, za wati mia. Ikikufa moja, nyingine inabeba. Ikikwama bila kuzima, haina nguvu ya kupika mtu.

Hapo nimeelewa bila shule. Ni tairi za nyuma za lori! Mbili mbili. Moja ikipasuka Salgaa, ile nyingine inakufikisha Nakuru. Miaka ishirini nimekalia hiyo hekima nikitafuta injini kubwa.

Nimerudi kwake nikazichukua, na zote mbili nimezijaribu kwa ndoo. Ya kwanza imezima ishirini na nane kamili. Kwa raha nikaiinua nimwonyeshe Eucabeth — na Shabir alikuwa ameniambia, chomoa plagi kwanza. Ikawaka hewani. Kuirudisha majini, ta. Ufa kutoka juu hadi chini. Eucabeth amechukua kitambaa, akapangusa maji sakafuni.

Ya pili sijaigusa ikiwa na stima. Imezima vizuri. Jioni nimeiweka kwa tangi peke yake. Maji ishirini na moja.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi ishirini na tatu. Inapanda kama lori lenye mzigo. Wanne wamekula. Mweusi ameegemea kioo, amelala upande.

Saa saba nimekimbia kwa Shabir kutafuta nyingine badala ya ile iliyopasuka. Kumefungwa, wako msikitini. Nimengoja kidogo, nikaogopa kuacha tangi peke yake, nikarudi.

Saa nane kasorobo Rohan, kijana wa Mzee, amepiga video. Anasema baba hataki kuingia theatre kupasuliwa kabla hajawaona samaki. Uso wa Mzee ulikuwa mdogo sana kwa ile kofia ya hospitali. Eucabeth alininong'onezea, mwambie ukweli. Mimi nimewadanganya polisi wa mipaka minne bila jasho. Leo jasho limeingia machoni.

Nimeshika simu upande wa wale wanne. Wote watano? Mzee ameuliza.

Wote, Mzee. Mmoja yuko nyuma ya gogo.

Mvivu huyo, akasema. Mama alikuwa anamwita Raja. Haya, Owuor. Nikirudi nitawahesabu.

Wamemsukuma ndani. Rohan anasema masaa manne, ama matano.

Saa nane na nusu. Maji ishirini na nne. Nimevuta kiti hadi kioo. Raja, yule mweusi, amefungua mdomo. Amefunga. Nangoja. Amefungua.