Mrija wa Mama Benedetta

Ofisini, Malaba
Jumanne, saa sita mchana, mvua inanyesha

Mpendwa kaka Morris,

Pokea salamu kutoka nyumbani, nyingi mpaka Bwire, dereva anayekuletea barua hii, ameniuliza kama lori lake litaziweza. Natumai u mzima, jua la Juba halijakumaliza, na ule mgongo ulioulalamikia umepoa kidogo. Sisi huku hatujambo. Shemeji yangu Nasimiyu ni mzima, mahindi ya nyuma ya nyumba yamebeba vizuri, na binti yako Alaso ameota meno mawili ya chini. Anamchekea kila mtu, hata mbwa wa jirani. Mguu wake umepona. Pamebaki alama tu, ndogo kama jani la kunde.

Utajiuliza mbona barua wakati simu ipo. Kaka, nimekupigia mara tatu nikitaka kusema haya, na mara zote tatu nikaishia kukupa habari za mvua. Kwenye simu wewe huuliza "unasemaje?" kwa ile sauti ya baba, na maneno yananikimbia. Karatasi haiulizi. Tena leo sistimu ya forodha imelala tangu asubuhi, kwa hiyo sisi makarani hatuna kazi. Malori yamesimama mpaka macho yanapoishia, madereva wamejilaza chini ya trela, na mvua ni ile nyembamba isiyo na kelele. Mji mzima ni kama umefumba macho. Lori la Bwire ni la kumi na moja kutoka geti. Ameniambia niandike polepole, lakini mstari ukisogea hataningoja.

Kuna jambo langu ambalo hulijui. Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa nimesimama katikati ya malori mawili, makaratasi ya mteja mkononi, mara moyo ukaanza kupiga kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Hewa ikakataa kuingia. Nikajua nakufa, tena nakufa nikiwa nimeshika makaratasi ya mchele wa mtu. Wenzangu walinipeleka Busia. Daktari, mama mmoja mpole, alipima moyo wangu akasema hauna kosa lolote, kinachoniumiza ni wasiwasi. Nikamwambia wasiwasi si ugonjwa, kila mtu Malaba anao. Akacheka, akasema wangu umevuka mpaka bila kibali.

Akanipa vidonge, kimoja kila jioni. Akaniambia, akinitazama machoni, kwamba dawa hizo na pombe hazikai nyumba moja. Kila kimoja humlaza mtu, na vikikutana vinaweza kumlaza asiamke. Nikauliza, hata kidogo tu? Akasema hata kidogo, na nisijiongezee kidonge bila kumuuliza. Nilitoka pale nikawaambia watu wote nimepewa dawa ya presha. Presha ni ugonjwa wenye heshima zake. Ukisema wasiwasi, vijana wa hapa watakuita mwoga mpaka uote mvi.

Dawa zilinisaidia, sitazisingizia. Wiki za kwanza nilitembea kama niliyefungwa ndani ya pamba, honi za malori nazisikia kwa mbali, lakini moyo ulitulia nikaweza kulala.

Sasa nikurudishe kwenye ile siku ya kumpa mtoto jina pale nyumbani Chakol. Wewe hukuwepo, ulisimuliwa tu. Mama Benedetta, huyu mke mdogo wa baba aliyetulea tangu tumzike mama, alikuwa ameandaa ajono, pombe yetu ya kienyeji, wiki mbili nzima, kwa wimbi la shamba lake mwenyewe. Chungu kiliwekwa kivulini chini ya upenu, mirija mirefu imechomekwa pande zote, na yeye akipita na birika kuongeza maji ya moto. Ndiye aliyechovya kidole kwenye pombe akakitia mdomoni mwa mtoto, akitaja majina ya marehemu wetu mmoja mmoja. Mawili ya kwanza mtoto aliyakataa, akageuza uso. Alipotaja Alaso, jina la mama yetu, mtoto akanyonya kile kidole. Kaka, Mama Benedetta alilia. Alikuwa akimtaja mke mwenzake, na alilia.

Asubuhi ile niliuogopa umati, nikameza kidonge kizima juu ya kile cha jana yake jioni. Nilijua siwezi kunywa. Lakini unajua mambo ya kwetu. Anayekataa mrija kwenye chungu cha mtu amesema, bila kufungua mdomo, kwamba humo ndani kuna sumu. Na unajua yanayonong'onwa juu ya Mama Benedetta tangu baba afariki. Basi nikaketi, nikaweka mrija mdomoni, nikajifanya navuta. Nilifanya hivyo kitambo kizuri. Kisha Mzee Emojong, na huyo mjomba wetu macho yake hayazeeki, akaniuliza, "Quinton, huo mrija umeziba ama wewe umeokoka?" Watu wakacheka. Halafu kicheko kikapungua, nikaona wawili watatu wanatazama chungu, kisha wanamtazama Mama Benedetta na birika lake. Nikavuta. Nilivuta kwa ajili yake, asiaibike mbele ya watu.

Sitakudanganya, ilikuwa tamu. Uvuguvugu ulishuka ukanifikia mpaka vidole vya miguu. Sauti za watu zikawa kama zinatoka ng'ambo ya mto. Malori ya barabara ya Busia yalinguruma taratibu, mtu akaanza wimbo wa zamani, na jua likapita kwenye nyasi za paa likaanguka kwenye mikono yangu vipande vipande. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili sikuogopa kitu chochote. Nilimwona mama yetu amesimama mlangoni na kitambaa chake cha kijani, ananitazama tu. Nikavuta tena, na tena. Nasimiyu akaja akaniwekea mtoto mapajani ili akapakue chakula. Nakumbuka uzito wake, kidogo kama mkate, na joto lake. Mama Benedetta akaweka birika chini kando ya kiti changu, akaniambia nilitazame, anarudi sasa hivi.

Kaka Morris, kaa chini kama umesimama. Uliambiwa Mama Benedetta alimmwagia mtoto maji ya moto. Si yeye. Ni mimi. Nililala. Nililala na mtoto wako mikononi, akateleza, na mguu wangu ukapiga birika. Niliposikia kilio sikujua hata kilitoka wapi. Mama Benedetta ndiye aliyekimbia, akamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja na birika kwa mkono mwingine, na ndivyo watu walivyomkuta walipogeuka: mtoto analia, yeye ameshika birika. Mimi nilikuwa bado kitini. Mtu akasema ni yeye. Mwingine akasema walijua tu. Ulimi wangu ulikuwa mzito, hiyo ni kweli, lakini siku ya pili haukuwa mzito, wala wiki ya pili. Nilinyamaza kwa woga. Hakuna dawa iliyoninyamazisha.

Miezi mitano sasa. Mrija wake uliondolewa kwenye chungu cha jirani ukaegemezwa mlangoni pake, bila neno. Akisalimia, watu wanaitikia huku wanatembea. Wewe ukasema kwa simu kwamba ukija Desemba usimkute kwenye boma. Yeye alisikia, maana ulisema kwa nguvu na simu ilikuwa mkononi mwangu.

Jumamosi nilimkuta akifunga sufuria zake ndani ya gunia. Nikapiga magoti palepale nikamwambia yote, dawa, pombe, usingizi. Aliendelea kufunga kamba. Kisha akaniambia alijua. Aliniona nimelala kabla hajafika, na vile vidonge alikuwa ameviona zamani kwenye shati langu akilifua. Nikamuuliza mbona amekubali kuchukua lawama. Akasema watu wamemsema miaka mingi na bado anakula, lakini mimi, na moyo wangu ule, wangeninyooshea vidole siku moja tu wakaniokota mtoni. Akaongeza kwamba amenisubiri mpaka amechoka. Alikuwa ameniwekea kuku, nikija mwenyewe kusema kabla ya mavuno. Mavuno yalipita, akamla yeye kuku huyo. Halafu akaniuliza kwa nini nilikunywa nikijua. Nilipomjibu kwamba sikutaka watu wamshuku, aliketi juu ya gunia akacheka, akacheka mpaka machozi yakaja, akaniita mjinga kwa lugha zote tatu anazozijua.

Jumapili nilisema mbele ya Nasimiyu na wazee wote. Shemeji hajanisemesha tangu hapo, na ana haki. Mzee Emojong aliinuka, akaenda mwenyewe kuuchukua mrija wa Mama Benedetta mlangoni, akaurudisha chunguni. Daktari naye nimemrudia. Amenigombeza vya kutosha na kunipangia dawa upya, na sasa kila mtu nyumbani anajua ni dawa ya nini. Nikikaa kwenye chungu nakunywa chai, na aliyetaka kucheka ameshacheka.

Lakini boma ni lako, wewe ndiye mkubwa. Wazee wanaweza kurudisha mrija, hawawezi kurudisha neno lako. Gunia bado liko mlangoni. Ameniambia halifungui kwa maneno yangu wala ya Emojong, mpaka akusikie wewe. Hasira zako nitumie mimi zote, kaka, nimezistahili, na ukija Desemba utanikuta. Ila yeye mpigie kwanza, kabla hujanipigia mimi.

Mstari umesogea, Bwire anapiga honi. Wasalimie wenzako wa gereji. Alaso mdogo anakusalimu kwa meno yake mawili. Mungu akutunze huko uliko.

Namba ya Mama Benedetta ni ile ile. Siku hizi hakuna anayempigia, kwa hiyo ikiita atajua ni wewe.

Ndugu yako mdogo,
Quinton Ikapel