Miiba ya Puani

Bonga, Babati
3 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, binamu Seleyian asalimiwe, ng'ombe wasalimiwe wote isipokuwa lile dume jeupe, linajijua. Mimi mzima. Nimenenepa hata shati la Krismasi halifungi.

Kwa kuwa simu yako ng'ombe ameikanyaga, acha tuandikiane kama watu wa zamani. Muzamil wa lori la mifugo amekubali kuwa posta.

Sasa habari yenyewe. Siku ile ulipokuja hospitali hapa mjini, daktari alisema maneno nami nikayashika: ngiri yako itapasuliwa mwishoni mwa Machi, ila uache ugoro kuanzia sasa. Chafya moja kubwa inaweza kuusukuma utumbo ukatoka ukanaswa, na ukinaswa hakuna cha kusubiri tarehe. Wewe ukamjibu mpaka nesi akacheka: "Huyu mwanangu akiacha sigara, na mimi naacha ugoro. Peke yangu siachi." Ukafunga mdomo kama lango la zizi.

Basi baba, nimeacha. Nimeacha kama mtu anavyovua ndala. Fundi Theodori, bosi wangu wa gereji, haamini. Ibra wa kijiweni, yule aliyenifundisha kuvuta, naye haamini. Watu wanasema kuacha ni kazi, mimi nashangaa kazi yenyewe iko wapi. Labda wao si Koikai.

Zamu yako mzee. Vua hicho kibuyu cha ugoro shingoni.

Mwanao mtiifu kuliko wote (najua niko peke yangu),
Koikai


Simanjiro
9 Februari

Mwanangu Koikai,

Marahaba. Sisi wazima. Ng'ombe wazima. Dume nalo limekusalimu.

Barua nimeipata. Mimi pua yangu ilishakufa kwa ugoro, siku hizi hata moshi wa jikoni siusikii. Mama yako pua haijafa. Muzamil alipomkabidhi hakuifungua. Aliinusa, akasema, "Mwanao alikuwa anavuta huku anaandika kwamba ameacha."

Hapo sina la kuongeza.

Unajua ndama anavyoachishwa. Unamfunga miiba puani, akienda kunyonya anamchoma mama yake, anapigwa teke. Akifungwa mmoja peke yake analia mpaka anakonda. Wakifungwa wawili, wanatazamana, wananyamaza. Ndiyo maana nilimjibu daktari vile. Haukuwa ukaidi.

Kibuyu bado kiko shingoni. Jana nilipiga chafya, kitu kikatoka tumboni kikakaa nje. Nililala chali mpaka kikarudi. Mama yako sijamwambia.

Andika barua isiyonuka.

Baba yako,
Kilusu


Bonga, Babati
17 Februari

Baba,

Shikamoo. Shikamoo na mama, mwenye pua ya askari wa upelelezi. Nasema kwa heshima.

Mmenikamata. Ilikuwa moja tu, ya kuagana.

Niliposoma pale pa kulala chali nilikwenda nyuma ya gereji, nikaimwaga pakiti yote kwenye ndoo ya oili chafu. Baadaye nikarudi kuopoa moja kwa koleo. Haikuwaka. Nakuambia hili usije ukasikia kwa Muzamil, maana aliniona. Tangu hapo sijavuta.

Baba, hii kitu ni noma. Nilijisifu mapema. Mikono inatetemeka kama pikipiki yenye plagi mbovu. Usingizi hauji, ukija naota navuta, na naamka nina hasira kwamba ilikuwa ndoto. Chakula kina ladha ya chuma. Mteja alinisalimia "mambo", nikamwuliza mambo ya nani. Ibra anapuliza moshi upande wangu makusudi. Nilimrushia spana, ikampita sikioni, ikavunja taa ya pikipiki ya mtu.

Hilo si baya. Baya ni hili. Nilifunga gurudumu la nyuma la pikipiki ya mwalimu mmoja wa Sigino, nati sikuikaza. Akili ilikuwa kwenye sigara. Theodori aliiona mwalimu akiwa ameshapanda, amewasha. Hakunifokea. Alikaza mwenyewe, akanipa spana mkononi, akasema, "Ukiniulia mtu hapa, Koikai, sitakutetea." Heri angenipiga.

Natafuna karanga mbichi na vijiti vya mswaki mpaka fizi zinauma. Sasa mzee, ndama mmoja ameshafungwa miiba na analia peke yake huku Babati, watu wanamsikia mpaka Mutuka. Wewe uko wapi?

Barua hii nimeiandikia nje, kwenye upepo, mikono nimeosha kwa sabuni ya unga. Mpe mama ainuse mpaka kwenye kona.

Mwanao,
Koikai


Simanjiro
26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako ameinusa. Kona zote. Amesema grisi, karanga na sabuni. Alicheka, halafu akajifuta macho. Siku hiyo hiyo nilivua kibuyu nikamkabidhi. Sijui amekificha wapi, na nimetafuta.

Sasa naona ulichoona. Kichwa kinagonga. Nimemfokea Seleyian kwa kosa la mbuzi. Mkono unakwenda kifuani wenyewe, unakuta hakuna kitu, unarudi. Ila pua imeanza kuamka. Juzi nilisikia harufu ya mvua kabla sijaona wingu.

Shida ni rika langu. Mtu wa rika lako akikunyooshea ugoro hukatai. Kukataa ni kusema mkono wake mchafu. Wilson alininyooshea, nikakataa, nikamweleza maneno ya daktari. Akaniuliza, "Daktari ni wa rika gani?" Wakacheka wote. Tangu hapo hanisalimii.

Tarehe sita Machi kuna kikao cha kisima, kupanga nani anyweshe lini. Nikikataa tena mbele ya wote nitakaa nje ya kikao, na ng'ombe wetu watakunywa mwisho, watakunywa tope. Unajua kiangazi hiki kilivyo.

Nafikiria kunusa kidogo, mara moja, kwa ajili ya heshima tu. Nakuambia kwa sababu tumefungwa pamoja.

Baba yako,
Kilusu


Bonga, Babati
1 Machi

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine zitafuata, Muzamil ameshapasha injini.

Usinuse. Hata chembe. "Mara moja" ndiyo niliyosema mimi nikiwa na koleo kwenye ndoo ya oili. Na mimi sina ngiri.

Lakini usiogope, una mtoto mwenye akili, ingawa shule ilinishinda kidato cha pili. Kwenye furushi kuna kopo. Ndani yake si ugoro. Ni ulezi, nimeukaanga mpaka ukawa mweusi, nikautwanga kwenye kinu cha jirani yangu Mama Kindness, nikauchekecha kwa kitambaa. Ukiutazama, hata muuza ugoro wa mnadani atakuuliza bei. Tumbaku haimo.

Usisubiri wakunyooshee. Wanyooshee wewe kwanza, mmoja mmoja, aanze Wilson. Kisha unuse wako mbele yao. Anayegawa, nani atamwambia amekataa mkono wa mtu? Waambie ni ugoro wa mjini, ametuma Koikai.

Wazee wazima watadanganywa na mtoto aliyefeli hesabu. Niandikie nyuso zao zilivyokuwa. Usisahau uso wa Wilson.

Mwanao, fundi wa kila kitu,
Koikai


Bonga, Babati
8 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijui itakukuta vipi.

Muzamil amerudi bila barua. Nilimwuliza akiwa anafunga turubai, akaendelea kufunga. Baadaye akasema watoto walimwambia barabarani: kwenye kikao wazee wote walipiga chafya mpaka fimbo zikaanguka, na wewe ulibebwa kurudishwa nyumbani. Zaidi ya hapo hajui. Simu ya Seleyian haipatikani, mpaka apande kilima.

Nikaenda kumrudishia Mama Kindness kitambaa chake. Nikamkuta amejifunga kanga usoni, macho yanamtoka machozi, anatwanga pilipili kichaa. Kwenye kinu kile kile. Kumbe huwatwangia watu wa mabanda ya chipsi. Nikamwuliza kama huwa anakiosha. Akasema, "Nikioshe cha nini, si pilipili tena inaingia?"

Sikukiosha baba. Nilikifuta tu kwa mkono. Na nilipomaliza niliuweka ule ulezi puani nikaona hauna kitu, safi. Pua yangu sigara imeiua, nikaiamini hivyo hivyo ilivyokufa. Daktari alikukataza chafya, mimi nikakutwangia chafya, nikakutumia kwa lori.

Ibra alinikuta nimekaa chini. Leo hakufanya utani. Ameniwekea sigara na kiberiti juu ya tangi la pikipiki, akaondoka. Kwa huruma kabisa. Naviona ninavyoandika.

Kama kitu kimetoka, usilale chali ukasubiri. Muzamil anageuza sasa hivi, lori tupu, amekubali. Nilitaka nipande mwenyewe, Theodori akanishika mkono, akasema lazima mtu abaki akawaambie watu wa hospitali kwamba mgonjwa anakuja. Naenda huko sasa.

Panda hili lori baba. Nakuomba.

Koikai


Hospitali, Babati
9 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia uko nyuma ya ukuta huu ninaouegemea. Ni kichekesho, lakini nesi, anaitwa Viola, amesema siingii mpaka uamke vizuri. Barua amesema itaingia.

Umefika umelala kati ya magunia, mama amekushika kichwa. Tumbo limejaa kama ngozi ya ngoma. Ulinitazama hukunijua. Mama amesema siku ya kikao kile kitu kilirudi, jana kikatoka tena kikakataa. Muzamil amenirudishia barua yangu ya jana, hukuisoma, nimeikunja ndani ya hii. Anasema alikukuta barabarani, umeshapakiwa kwenye mkokoteni wa punda. Daktari alikushika tumbo mara moja tu, akaanza kukimbiza kitanda. Sijawahi kuona daktari akikimbia.

Tangu mlango ule ufungwe nimekaa kwenye benchi. Sigara ya Ibra ninayo mfuko wa shati. Nimeitoa, nimeirudisha. Kiberiti niliacha gerejini makusudi, lakini kuna mtu hapa anamngoja mke wake, amenitazama, akanipa cha kwake bila kuombwa. Nikaenda nacho mpaka nje ya geti. Mikono ilikuwa haitetemeki, hicho ndicho kilichonitisha. Nikajiambia: nikiivuta na baba akafa, nitakuwa nimemwacha afe na miiba peke yake. Nikiivuta na baba akapona, itanuka.

Nikarudi nikamrudishia mtu kiberiti chake.

Usiniambie nimeshinda. Sigara bado ipo mfukoni, imekatika katikati kwa jinsi ninavyoishika. Mama amelala, kichwa kwenye bega langu, kwa hiyo siwezi kuinuka tena, na ni bora.

Utani umeniishia. Naomba unisamehe kinu.

Mwanao,
Koikai


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

10 Machi

Koikai,

Marahaba. Nimeshonwa. Nikicheka nashika tumbo, kwa hiyo utani wako ukirudi uuache nje.

Uliuliza uso wa Wilson. Alikuwa wa kwanza kunusa. Alipiga chafya mpaka akakaa chini, na wengine wakafuata, kama mbuzi wanaoruka ukuta. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilikuwa nimeshaona. Lakini wote walikuwa wananitazama, na mtu hawezi kukataa ugoro wa mkono wake mwenyewe. Nikanusa. Kwa hiyo kinu ni chako, pua ni yangu. Tugawane.

Aliyeongoza punda mpaka barabarani ni Wilson. Mama yako anasema njia nzima alikuwa ananisalimia, hata nilipokuwa siwezi kuitikia. Ng'ombe wetu wamepewa zamu ya pili kisimani. Na Wilson ametuma neno: ugoro wa mjini ni mkali sana, haujawahi kufika Simanjiro, anauliza kama umebaki.

Mwambie umekwisha.

Nesi alipoleta karatasi hii mama yako alinyoosha mkono aichukue kama kawaida yake. Nimemkatalia. Nimeinusa mwenyewe. Grisi. Jasho. Tumbaku, lakini haijawashwa.

Hiyo iliyokatika itupe, kisha uingie.

Ndama mwenzako,
Baba