Sentensi Isiyo na Mwenyewe

Nkoaranga, Meru
Alhamisi, 13 Juni 2024

Kwako Dada Kaanaeli,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakufikia hapo Mwanza ukiwa mzima, na kwamba homa ya mwanao Anna imeshuka. Shemeji nampa pole ya mgongo. Mwambie aache kubeba magunia kama kijana. Huku tunaendelea kwa kiasi chetu. Mvua zimekata lakini ukungu haujaondoka. Kahawa ya chini imeanza kuwa nyekundu, ya juu bado, na upepo wa juzi umeangusha migomba miwili upande wa jikoni.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Wiki hii nimekupigia mara nne, na kila ukipokea unaanza na Romanus: je, ameshahukumiwa, mbona wanamchelewesha, mtu ameua wanamtunza wa nini. Nikifungua mdomo unanikatisha. Barua haikatishwi. Tena unanijua, jambo nisipoliandika na tarehe yake silielewi. Shajara yangu iko hapa mezani, ninaifuata ukurasa kwa ukurasa, ingawa tangu asubuhi nimeinuka mara tatu kuchungulia njiani kama kuna mtu anakuja. Hakuna mtu.

Naomba nirudie mambo ambayo unayajua, ili tusimame mahali pamoja. Jumamosi tarehe 16 Machi, karibu saa kumi jioni, baba na jirani yetu Romanus walikuwa wakibishana juu ya mfereji, pale njia inapopita ukingoni mwa korongo. Baba alisema Romanus amegeuza maji. Romanus alisema maji yamejigeuza yenyewe kwa mvua. Mama alikuwa pamoja nao. Mimi nilikuwa ng'ambo, katikati ya kahawa, nikikata matawi makavu. Baba akaanguka korongoni, na Jumatatu yake akafariki bila kusema neno. Siku tatu baada ya mazishi tuliandika maelezo polisi. Mama alisema alikuwa amejifunika uso kwa kanga kwa sababu ya upepo na hakuona kitu. Romanus alisema alikuwa ameshawapa mgongo, anashuka kwake. Kwa hiyo kesi nzima imekaa juu ya maelezo yangu, na Romanus yuko mahabusu hadi leo.

Maelezo hayo niliomba niandike kwa mkono wangu mwenyewe, na askari akakubali kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Niliandika hivi: "Niliwaona Romanus na baba wakibishana kwa sauti. Mama alikuwa karibu nao. Niliinama kuchukua panga, nikasikia kelele, nikageuka, nikaona akimsukuma baba." Askari alisoma kwa sauti, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaniambia nitie sahihi.

Unakumbuka pia ya mwezi wa nne. Anyesi, mke wa Romanus, alikuja kwa mama na jani la sale lililofungwa fundo, akapiga magoti uani. Unajua sale, jani letu la kuombea msamaha, likishaletwa halikataliwi. Alichoomba ni kwamba watoto wake wasizuiwe kupita njiani kwetu kwenda shule, basi. Lakini majirani waliona jani, hawakusikia maneno, na kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa linasema Romanus amekiri kupitia kwa mkewe. Wewe mwenyewe ulinipigia ukasema mtu asiye na kosa sale anapeleka la nini. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaingia jikoni, na chakula cha siku ile hakikupikwa. Nilidhani ni uchungu wa msiba.

Sasa nije kwenye kazi yangu, maana huko ndiko jambo lilikotokea.

Bado niko na Mikidadi kwenye kile chumba nyuma ya duka la mafundi cherehani, tunaingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu za kigeni. Naangalia kipande, nasimamisha, naandika sentensi daftarini na sekunde zake pembeni, halafu nasoma kwenye maiki sauti zote mimi mwenyewe, za wanaume, za wanawake, na ya mbwa kama mbwa wa kwenye filamu hakubweka vya kutosha. Mwezi wa tano, kikundi cha wapenzi wa sinema wa mjini kilituletea filamu moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya karibu miaka tisini. Wanasema za wakati ule zilikuwa zinatisha watu bila tone la damu. Unaona kivuli, unaona kitasa cha mlango kinazunguka, na mtu mwema anafanya jambo ambalo hujui kama ni jema.

Hadithi yake ni ya bwana mmoja mwenye kinu cha upepo. Anapanda juu ya mnara na mkewe na mbia wake, siku ya upepo mkali. Hatuoni wanachofanya huko juu. Tunaona ukuta mweupe tu, na vivuli: mtu mzito akining'inia ukingoni, na mikono miwili ya mtu mwingine. Kisha kile kivuli kizito hakipo. Mfanyakazi wa ndani aliyekuwa chini anaitwa mahakamani, na mbia anafungwa. Mwisho kabisa mke anakaa dirishani, jua likimpiga machoni, na hujui kama anatabasamu au anakwepa mwanga. Filamu inaishia hapo.

Mikidadi alikasirika. Alisema hii siyo filamu, huu ni uchokozi, na watu wa Arusha hawatoki ukumbini bila kupewa mtu wa kumchukia. Alitaka niongeze sauti pale mwisho, mke aseme "ni mimi" au "siyo mimi", lolote mradi tuondoke. Nilikataa. Lakini kumbe nilikuwa nimeshaharibu mahali pengine. Yule mfanyakazi wa ndani anaposema mahakamani alichokiona, kwa Kiingereza anamtaja mwanamume waziwazi, kwa kineno kimoja kifupi. Mimi nilikuwa na sekunde mbili, nikaandika: "Nilimwona akimsukuma." Hapo hakuna mwanamume wala mwanamke. Ndivyo Kiswahili chetu kilivyo, mtendaji anaweza kukaa ndani ya kitenzi kama mtu aliyejifunika blanketi.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi iliyopita, tarehe 8, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa kukodi kule Terrat. Mikidadi alimwalika mama, akamwambia aje aone mwanawe anavyojua kulia sauti ya kike. Nilifurahi, maana tangu msiba hakuwa ametoka zaidi ya kanisani. Alikaa safu ya pili na sweta lake la kijani.

Dada, filamu ilipofika mahakamani ukumbi ulivurugika. Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja anaitwa Siwema, muuza vitenge, sauti yake haihitaji maiki. Alipiga kelele akauliza, wewe mtafsiri, huyo aliyesukuma amevaa suruali au amevaa gauni? Wengine wakadakia kwamba ni mbia, ni wazi. Wengine wakasema ni mke, tazama jicho lake. Kijana mmoja akasema mwanamke hawezi kumwangusha mwanamume mzito kiasi kile, na Siwema akamjibu aoe kwanza, ndipo aje kutufundisha wanawake wanaweza nini. Watu wakacheka hadi viti vikagongana. Mikidadi akasimamisha filamu, akaniangalia kama anayesema, haya, jibu watu wako.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia sentensi yangu ikitoka kwenye spika, na niliijua. Haikuwa ya filamu tu. Nilitaka niseme haraka kwamba ni mwanamume, kwa Kiingereza ni mwanamume, nikaishia kufungua daftari.

Ndipo mama akazungumza. Hakusimama wala hakupaza sauti. Alisema hakuna aliyesukuma hapo. Alisema, mwanangu, rudisha nyuma, tazama vidole. Huyo alikuwa amemshika, halafu akamwachia.

Mikidadi akarudisha. Kipande kile, kwa mujibu wa daftari langu, nilikuwa nimekitazama mara kumi na moja. Ni kweli. Vidole vya kivuli vimefumbwa kwanza, vimekaza, kisha vinafunguka. Anayesukuma huanza na kiganja wazi. Siwema akasema mama huyu aajiriwe upelelezi kesho asubuhi, na wakacheka tena, na filamu ikaendelea. Mama alifunga vifungo vya sweta, akaendelea kutazama hadi mwisho.

Tulirudi nyumbani kukiwa bado kweupe. Kwenye mpando alikuwa mbele, mimi nyuma. Tulipofika kwenye mfereji nilimwomba asimame apumzike. Alisema hajachoka. Nikamwambia mimi nimechoka. Tukasimama.

Dada, sasa soma polepole. Ukiweza kaa chini.

Siku ile ya Machi nilipogeuka, Romanus alikuwa ameshashuka. Niliona mgongo wake chini ya migomba yake, hatua ishirini au zaidi. Aliyekuwa ukingoni na baba ni mama. Nilichoona ni mikono yake imenyooka mbele, viganja wazi, na baba anakwenda. Nikaamini amemsukuma. Nilipoketi mbele ya karatasi ya polisi nilikuwa nimeshaipanga ile sentensi usiku mzima wa matanga. Nilimweka Romanus mwanzoni, nikamweka mama katikati, na mwishoni nikaandika "akimsukuma" bila kusema nani. Hiyo ndiyo kazi yangu, dada, najua watu wanavyosikia. Wanamchukua yule wa kwanza, tena wanayemdhania tayari. Nilijiambia sijasema uongo. Kama askari angeuliza "nani", ningejibu. Hakuuliza. Na mimi nilitia sahihi, nikanywa chai pale nje, nikarudi nyumbani. Tangu alete sale Anyesi ananiamkia kila asubuhi akipita na watoto, na mimi naitikia.

Wewe uliyemwambia Anyesi, kabla hujarudi Mwanza, kwamba nyumba yake ife kama ilivyokufa yetu, ulisema hivyo kwa sababu ya kitenzi changu.

Pale kwenye mfereji mama aliniambia yeye alijua tangu siku ile kwamba nilimwona. Alikuwa akingoja nimwulize, na nilivyokaa kimya alidhani nimeamua kwa niaba yake. Aliniambia jinsi ilivyokuwa. Romanus alipoondoka baba alimfuata kwa hasira, udongo ukameguka, akateleza hadi kiunoni. Akamshika mama mkono, na mama akamshika. Ulikuwa mkono wa kushoto, ule ambao haufumbiki vizuri tangu wewe ukiwa kidato cha pili. Sababu yake unaijua, usiku ule wa hasira za baba ulikuwepo, wewe ndiye uliyeshika taa. Alimshika, alisema, muda wa kusema Baba Yetu nusu. Kisha akaachia.

Nilimwuliza kama mkono ulichoka. Nilimwuliza vizuri, kwa namna ambayo angeweza kusema ndiyo tu na yakaisha. Alinitazama muda mrefu. Mpaka leo sijui lile lilikuwa jicho la huzuni au la mtu anayekwepa jua, na nimechoka kulifikiria.

Tangu Jumamosi tumezungumza kila siku, na kila siku nimebadili mawazo. Jumapili niliamua tunyamaze. Jumatatu niliona ninaweza kurudi polisi kusema tu kwamba siyo Romanus, nisiendelee. Jumanne nilifika hadi stendi ya Tengeru nikarudi. Kesi yake inatajwa tena Ijumaa tarehe 21, na kila siku ninayopoteza ni siku yake, siyo yangu. Jana nilikaa na karatasi safi kuandika maelezo mapya. Niliandika: "Aliyekuwa na baba alikuwa amemshika mkono, akateleza." Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akauliza ni nani huyo aliyekuwa na baba, na ni nani aliyeteleza.

Akaniambia niweke jina. Nikaandika "mama". Akasema hapana, mama ni wa kila mtu. Niandike Rachel Elihuruma, kama alivyobatizwa na kama alivyoolewa. Nikaandika. Nilipofika kwenye kitenzi nikamwambia tunaweza kuandika "mkono ulimponyoka", ni Kiswahili sahihi, hakuna atakayepinga. Alikataa. Alisema: andika niliachia. Kwa nini niliachia ni yangu, hilo watakapouliza wataniuliza mimi.

Kesho Ijumaa asubuhi tunashuka naye polisi. Sijui watamfanya nini, na sijui watanifanya nini mimi kwa yale maelezo ya kwanza. Mwanasheria mmoja rafiki wa Mikidadi atatukuta pale. Kabla hatujashuka tutapita kwa Anyesi. Mama amekata jani la sale mwenyewe leo mchana, amelifunga, na amesema atakayepiga magoti ni yeye. Mimi nitapiga magoti nyuma yake.

Ukipata ruhusa kazini, njoo. Ukiwa na hasira, njoo nayo, ila ilete kwangu, usiipeleke kwake. Ng'ombe atahitaji mtu kama tutachelewa kurudi. Nimemwomba jirani wa juu, lakini wewe ndiye unayejua anavyokamuliwa.

Msalimie shemeji, na Anna, na wote wanaoniulizia. Barua hii isome peke yako kwanza. Salamu za mama nimeziacha hadi hapa kwa maagizo yake: alitaka uzipokee ukiwa umeshajua zinatoka kwa nani. Anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Nathanael