Anayeshuka Ndiye Anayefunga

Shuleni, Iringa
Majira ya baridi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu, na mgongo umekuacha ulale. Je, kifua cha mama kimetulia? Kaka Masanja ameniandikia kwamba hapo Kwihara mnajiandaa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, na wewe ndiwe utakayechimba kisima chake. Nimefurahi sana. Mimi mzima, ila baridi ya huku inauma hadi kwenye meno.

Baba, utapata barua ya mwalimu wetu wa miradi. Atasema mwanao ni mkaidi, na asipoomba radhi mbele ya shule nzima atarudishwa nyumbani. Nataka unisikie mimi kwanza.

Shule yetu inachimba kisima, ndiyo kujitegemea kwenyewe. Kila siku msichana mmoja anashushwa kujaza udongo kwenye ndoo. Zamu yangu ilipofika, mwalimu alinizungushia kamba mapajani na kiunoni, akafunga fundo mgongoni. Fundo lile nalijua. Limo kwenye kitabu chake cha Kiingereza, na majina ya kila pindo nimeyakariri. Lakini sikuliona. Nikapeleka mkono nyuma kupapasa, akanipiga vidoleni. "Usiguse."

Unanijua, sisemi mbele ya watu. Hata kuomba chumvi mezani naona haya. Siku ile maneno yalitoka yenyewe. "Mwalimu, mama yuko wapi?"

Wenzangu walicheka mpaka wakashikana. "Jamani, Kalunde anamlilia mama yake." Ikabidi nieleze kwamba kwetu sehemu ya kamba inayobeba mzigo inaitwa mama, na ncha inayozunguka ni mtoto. Fundo hukaa kifuani, ili anayeshuka aone kwamba mtoto amemshika mama sawasawa. Na kwetu anayeshuka ndiye anayefunga.

Mwalimu akaniuliza, "Wewe umeshashuka visima vingapi?"

Baba, nilijibu kweli. Hata kimoja.

Wakacheka tena. Nikavua kamba. Nikasema nitashuka, ila nifunge mwenyewe, tena mbele. Akakataa. Rafiki yangu Rehema akashuka badala yangu kwa fundo lile lile la mgongoni, akapandishwa salama, uso mzima udongo. "Haya, mwoga wa Tabora, mbona sijafa?"

Fundo halikulegea, siwezi kusema uongo. Lilikuwa zuri. Hata hivyo mimi sikuliona, na siombi radhi kwa kutaka kukiona kitu kilichoshika uhai wangu.

Najua utataka yaishe. Utavaa koti lako la kanisani, utamwendea mwinjilisti akuandikie kwamba mtoto bado mdogo, asamehewe. Nakusihi usifanye hivyo. Wakinirudisha nitabeba sanduku langu, nipande basi hadi Dodoma, kisha treni. Labda nitalia njia nzima. Lakini radhi sitaomba.

Kuna jingine, nalifikiria tangu swali la mwalimu. Wewe ndiwe uliyenifundisha kufunga, meno yangu ya utoto yakiwa hayajaisha kung'oka. Nikawa namfungia Masanja kifuani, yeye anashuka, mimi nabaki juu, kwa sababu wasichana hawashuki. Basi kanuni yako mwenyewe tumeivunja nyumbani miaka yote, na mimi nikanyamaza.

Kisima cha kijiji kipya kikifikia kina cha kumeza mtu, nisubirini. Nitafunga mbele ya macho yako. Ukiona kosa, nionyeshe. Usipoliona, nishushe.

Mwambie mama nampenda, na lile blanketi lake ndilo linaloniokoa. Shangazi anayeuza vyungu mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini, nampa pole ya mguu. Bibi mshikie mkono kwa niaba yangu. Na Masanja mwambie aanze kuzoesha mikono, maana safari hii yeye ndiye atakayebaki juu kushika kamba.

Ni mimi mwanao, ninayekuheshimu na nisiyerudi nyuma,

Kalunde