Saa ya Msumbiji

Newala, Jumatano usiku

Sasa nimemharibia dada au nimemsaidia? Mbona sielewi.

Dada Zuhura ameomba kusoma shahada ya uzamivu ng'ambo, utafiti wa kuunganisha mawasiliano ya setilaiti na ya minara yetu hii ya simu ya chini. Leo maprofesa walipanga kumhoji kwa video saa tisa. Nyumbani mtandao ulisuasua. Mimi na kidato cha pili changu nikajitapa, "Panda pikipiki, msomi. Mtandao wa Newala naujua mimi."

Nikampeleka ukingoni mwa mwinuko, panapotazama bonde la Ruvuma. Mtandao ukajaa pomoni. Simu ikasema bado mapema, tukakaa tunatafuna korosho.

Mara adhana ya alasiri.

Dada akaruka. "We Saidi! Alasiri inaadhiniwa, simu inasema saa nane?"

Kumbe simu ilidaka mnara wa Msumbiji, ng'ambo ya mto, na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Akairudisha kwenye mtandao wetu, akawapigia amechelewa, sauti inakatikakatika. Akawaeleza yote. Nikangoja wamfokee.

Wakacheka. Wakamuuliza simu ilihamaje, mnara uko wapi, maswali mpaka chaji ikaisha. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana.

Nikamwambia, "Si unaona, nimekupa utafiti!" Akapanda pikipiki.

Dada huyu nikimwaga kopo moja la maji hunigombeza mpaka majirani wanatoka nje. Leo kimya. Angenitukana hata kidogo tu, ningelala.