Shibiri ya Mkono wa Nani

Jumatatu, 3 Juni
Mashine imekula mbao nne za mninga tangu asubuhi. Bagamoyo nzima nani mwingine anachonga kwa kompyuta? Mimi, niliyefeli hesabu darasa la saba! Inakata, mimi namalizia maua kwa patasi. Wateja wa Dar wanapiga picha. Sifa zote hizi na nakula wali wa kununua. Mke wangu Mwanahawa yuko kwao Pangani tangu Ramadhani. Alisema nimeoa mashine.

Jumatano, 5 Juni
Mwanahawa kaandika! Salamu hakuna. "Nitengenezee samadari, kitanda kama hiki cha bibi. Nimekipima: urefu shibiri kumi, upana saba. Kikiwa tayari, nitarudi." Nimesoma mara tisa. Nikapima shibiri yangu, gumba hadi kidole cha mwisho, kwa futi: sentimita ishirini na tano. Mkono wa mwanamume huo. Nikaingiza kwenye kompyuta.

Jumamosi, 8 Juni
Mbao zimetoka safi, hazikukosea hata unywele. Miguu nimeikereza mwenyewe. Nikaita majirani waje wanisifu. Tulipoiunga chumbani, mlango ukagoma kufunguka. Tumetokea dirishani.
Bi Kidawa wa nyumba ya pili: "Fundi, humu unamlaza nani, ngamia?"
Nikacheka kuliko wote.
Akauliza tena, "Hiyo shibiri ya mkono wa nani?"
Hapo sikucheka.

Jumapili, 9 Juni
Mpumbavu mimi. Bibi kapimiwa kitanda kwa mkono wa mjukuu wake, si kwa mkono wangu huu wa koleo. Nimejaribu kuukumbuka mkono wa Mwanahawa. Hina yake naijua. Kovu la kisu cha nazi nalijua. Ukubwa siujui. Miaka sita ya ndoa! Patasi zangu zote nazitambua nimefumba macho. Nimelia. Basi, nimelia.

Jumatatu, 10 Juni
Nimempigia. Nikaungama yote, hata la dirishani. Kacheka. Nikamwomba anitumie kipimo cha shibiri yake, nikitie kwenye kompyuta.
"Mkono wangu hautumwi kwa simu, bwana we. Njoo uupime."
Akakata.

Jumanne, 11 Juni
Mashine nimezima. Nimenyoa ndevu. Funguo za karakana nimempa Bi Kidawa, hakunitania. Kesho alfajiri napita njia ya Saadani, niwahi Pangani. Begi jepesi: kanzu, halua ya wakwe. Futi nimeiacha mezani.