Pama, Jina la Baharia

Baba yangu,

Tangu tukuzike nakusemesha kimoyomoyo tu, leo imenishinda, nimeshika kalamu. Baba, kwa nini hukuniambia?

Kule Unguja watoto wa chuo cha Kurani walikuwa wakiniita Zuwena Pama. Nikakuuliza, Pama ndiyo nini? Ukasema, "Jina la utani tu, mwanangu. Kila nyumba ina lake." Nikaridhika. Tulipohamia huku Maskati watu wakashindwa kulitamka, wakawa wanasema Bama. Tukacheka sote, na wewe ukacheka kutushinda. Sasa najiuliza ulikuwa unacheka nini.

Khabari zenyewe hizi. Nimeposwa na Salim, yule jirani uliyependa kurudi naye kutoka msikitini. Mama yake, Bi Sharifa, alikuja, akanywa kahawa, kisha akauliza kwa upole: "Ukoo wenu naujua. Lakini hili Pama, la wapi?" Mama akainuka, akaenda kuongeza kahawa. Nikastaajabu. Swali jepesi vile, mbona halijibiwi?

Nikamwendea Ami Nasor. Nduguyo hakuzungusha maneno. "Jina la Mngereza," akasema. "Baharia. Alishushwa Unguja mgonjwa, akauguzwa, akasilimu, akaoa kwetu. Ndiye aliyemzaa babu yako. Akafa mapema, mtoto akalelewa na wajomba zake, akafuata ukoo wao. Pama likabaki midomoni mwa watu."

Nilicheka, Baba. Nilidhani ananitania. Kisha nikaona yeye hacheki.

Nikaingia chumbani nikajitazama kwenye kioo, pua, macho, kama mtu anayesaka mwizi ndani ya nyumba yake. Sisi, tuliotoka Unguja baada ya mapinduzi na nguo za mwilini tu kwa sababu tuliambiwa ni Waarabu! Tukafika huku tukaitwa Wazinjibari, watu wa Zanzibar. Na kumbe damuni yumo Mngereza!

Kisha akaja kupima gauni yule bibi wa Kingereza ninayemshonea. Huku nnampima mabega nikamuuliza kama kwao kuna watu wanaoitwa Pama.

"Palmer?" akasema. "Wapo tele. Hata mwalimu wangu wa historia."

Na huyo mwalimu ndiye aliyewaeleza darasani asili ya jina hilo. Zamani sana, akasema yule bibi, Wangereza wa kawaida hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alijulikana kwa kazi yake, au kijiji chake, au jambo alilolifanya. Aliyekwenda kuzuru Baitul Muqaddas, yaani Yerusalemu, alirudi na kuti la mtende, watu wajue kweli amefika. Wakamwita Palmer, mtu wa mtende. Baadaye watoto wake wakaitwa hivyo hivyo, na wajukuu, hata wale wasiowahi kutoka kijijini.

"Kama sisi tunavyosema Haji," nikamwambia.

"Ndivyo hasa."

Nikabaki na utepe mkononi, nimesahau kipimo. Jina ulilonificha asili yake, Baba, kumbe ni jina la mtu aliyekwenda ziara!

Mama alinikataza kusema. "Utaivunja posa kwa mdomo wako mwenyewe." Lakini nilikwenda kwa Bi Sharifa nikamwambia yote. Akakisukuma kando kikombe chake cha kahawa. Nikajua basi, imekwisha.

"Salim anajua?" akauliza.

"Bado."

"Mwambie wewe, asije akaambiwa na watu." Kisha akautazama mlango, akashusha sauti. "Mimi bibi yangu, mzaa mama, alikuwa Mmanyema wa bara, si Mwarabu. Mume wangu hajui mpaka leo."

Yule Bi Sharifa, anayehesabu mababu wa watu kama tasbihi!

Salim nilimwambia, Ami akiwa amekaa nasi. Akauliza tu kama huyo baharia alikufa Muislamu. Ami akamwambia ndiyo. Salim akasema, "Basi tumrehemu." Harusi ni baada ya Mama kutoka edani.

Hasira imenitoka, Baba. Mshtuko bado. Nnakuelewa kidogo: Unguja ile, jina la Kingereza ungelieleza vipi kwa kila mtu? Lakini mimi si kila mtu, nilikuwa mwanao.

Ami anasema baharia aliposilimu aliitwa Abdalla, na kaburi lake halijulikani tena. Nnakuahidi, kila Ijumaa nikikusomea wewe, nitamtaja na yeye, kwa majina yake yote mawili. Pumzika, Baba. Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Zuwena